Kano za mguu zinapovimba: jinsi ya kutambua ni ipi, na namna ya kuitibu ukiwa Goma

Hapa Goma maumivu ya mguu yana jina moja: mushipa. «Mushipa imekazana», mtu atasema, akionyesha kisigino, kifundo au shavu la mguu. Neno hilo hubeba mishipa ya damu, neva, misuli na kano kwa pamoja, na matibabu mengi hukosea kuanzia hapo. Kano ni kamba nyeupe, ngumu, inayounganisha msuli na mfupa. Haipati damu nyingi kama msuli, ndiyo maana msuli uliochanika kidogo hutulia baada ya wiki mbili tatu, lakini kano huchukua miezi.

Jambo la pili la kujua kabla ya kugusa dawa: kano huvimba kweli siku za mwanzo, lakini maumivu yakishapita wiki kadhaa, tatizo kubwa si uvimbe tena. Nyuzi za kano zimechoka, zimepoteza mpangilio, na kano imenenepa. Vidonge vya kutuliza uvimbe havipangi nyuzi. Kinachozipanga ni mzigo unaoongezwa pole pole, kwa kipimo. Mtu anayelala mwezi mzima huamka na kano dhaifu zaidi, na anayeendelea kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kama zamani huikwaruza kila siku. Mwongozo huu unafuata njia iliyo katikati ya hao wawili.

Hatua ya kwanza: hakikisha si kitu cha hatari

Kwanza ni kano iliyokatika. Mtu anakimbia, anaruka mtaro au anasukuma mzigo, anasikia «pa!» kama amepigwa teke nyuma ya mguu. Anageuka, hakuna mtu. Mlaze kifudifudi kitandani, nyayo zining'inie nje ya godoro, kisha minya shavu la mguu kwa mkono mzima. Mguu usio na tatizo ukiminywa, wayo husogea kidogo kuelekea chini. Fanya kwanza upande usiouma ili uone unavyotakiwa kusogea. Upande unaouma usiposogea, kano ya kisigino imekatika. Usidanganywe na mgonjwa anayeweza bado kukunja na kukunjua kifundo: misuli mingine midogo inafanya kazi hiyo, na watu wengi hukaa nyumbani wiki mbili kwa sababu hiyo. Aende hospitali siku hiyo hiyo, mguu ukiwa umefungwa kwa ubao au katoni ngumu, vidole vikielekea chini.

Baada ya kuteguka, bonyeza mifupa. Maumivu kwenye ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, wa ndani au wa nje, katika sentimita 6 za mwisho; kwenye mfupa uliotokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo; au kwenye mfupa ulio juu ya tao la ndani: hapo piga picha ya radio (eksirei). Vivyo hivyo mtu akishindwa kutembea hatua 4, hata kwa kuchechemea.

Kifundo chenye moto, chekundu, pamoja na homa, ni cha hospitali leo, si kesho, kwa sababu usaha ndani ya kiungo hula gegedu (mfupa laini wa kiungo) kwa siku chache. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni, mtu aliyelala muda mrefu au aliyesafiri akiwa amekaa, huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Usilikande hata kidogo. Donge likitoka huenda kwenye mapafu. Kidole gumba kilichoanza usiku kuwaka na kuwa chekundu kama pilipili ni gauti, ugonjwa wa viungo. Mwenye kisukari ambaye mguu umevimba na una joto lakini hauumi sana asifurahi. Aache kuukanyaga na amwone daktari. Mtoto mdogo anayevimba mikono na miguu apimwe selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Yule wa miaka 8 hadi 14 anayelia kisigino baada ya mpira kwa kawaida ana tatizo kwenye sehemu ya mfupa inayokua, na hupona kwa kupunguza michezo.

Hatua ya pili: tafuta mahali kwa kidole kimoja

Mwambie mgonjwa aonyeshe kwa ncha ya kidole kimoja. Anayeonyesha kwa kiganja kizima hajakwambia kitu. Msubiri, abonyeze mwenyewe mpaka apate.

Nyuma ya mguu kuna kano ya kisigino, nene kuliko zote mwilini. Ishike kati ya kidole gumba na cha shahada, anza chini kwenye mfupa, panda pole pole. Kwa wengi utapata sehemu iliyonenepa, inayouma ukiibana, kati ya sentimita 2 na 6 juu ya mfupa. Kwa wengine maumivu yako pale pale kano inaposhika mfupa, na mara nyingi kuna nundu ngumu inayosuguliwa na kiatu. Tofauti hii ya sentimita chache hubadilisha mazoezi, kwa hiyo iandike. Dalili ya kawaida: asubuhi hatua za kwanza ni ngumu, mguu ukipata moto unalegea, kisha jioni au kesho yake unauma zaidi.

Ndani, nyuma ya mfupa wa kifundo, inapita kano inayoshikilia tao la wayo. Simama nyuma ya mgonjwa akiwa pekupeku. Ukiona vidole vitatu au vinne vinachungulia upande wa nje wa mguu mmoja, na upande wa pili kimoja au viwili tu, tao linaanguka. Kisha mwambie asimame kwa mguu huo peke yake na ainue kisigino, akigusa ukuta kwa vidole tu. Akishindwa, au kisigino kikipanda bila kuelekea ndani, kano hiyo imechoka sana.

Nje, nyuma ya mfupa wa kifundo, zinapita kano mbili zinazozuia mguu usipinduke. Hizi ndizo zinazoteseka kwa wanaotembea kwenye mawe ya volkano, maana kila jiwe linataka kupindua mguu na kano hizi zinauvuta urudi. Mtu aliyeteguka mara tatu nne kwa mwaka akisema «imepona lakini upande wa nje bado unauma», bonyeza hapo. Mwambie asukume wayo kuelekea nje dhidi ya mkono wako. Ukihisi kano inaruka juu ya mfupa kwa mlio mdogo, ala (utando) inayoishikilia imechanika, na mazoezi peke yake hayatatosha.

Mbele ya kifundo kano huuma kwa kamba za kiatu zilizokazwa mno, kwa kushuka miteremko, au kwa motari (mwendesha pikipiki ya abiria) anayenyanyua giya kwa mgongo wa mguu wa kushoto kutwa nzima. Kidole gumba nacho kina kano yake, inayopita nyuma ya kifundo upande wa ndani, chini zaidi. Mkunjie mgonjwa kifundo, mwambie akunje kidole gumba huku ukikizuia kwa mkono, utaona kama maumivu yanatokea kule nyuma. Wacheza dansi na wanaojisukuma kwa ncha ya mguu huipata.

Maumivu chini ya kisigino, yanayochoma kwenye hatua ya kwanza ya asubuhi, si ya kano. Ni utando wa wayo, na una mazoezi yake.

Mwisho wa hatua hii, hesabu. Mgonjwa ainue kisigino cha mguu mzima, goti likiwa limenyooka, mara nyingi awezavyo, kisha mguu mgonjwa. Andika namba mbili hizo na tarehe. Mzima akifika 22 na mgonjwa 7, una kipimo cha kurudia kila baada ya wiki mbili, bora kuliko kuuliza «unaendeleaje?»

Hatua ya tatu: uliza nini kilibadilika

Kano haichoki bure. Uliza wiki nne za nyuma: mzigo uliongezeka? Njia ilibadilika? Kiatu kipya? Mwenye chukudu anayeshuka kutoka Kibumba, kaskazini mwa mji, na magunia ya makala (makaa) hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu mwingine, ule ule, maelfu ya mara. Akifika mteremkoni anakanyaga kipande cha tairi kwenye gurudumu la nyuma ili kufunga breki. Muulize anasukuma kwa mguu upi. Mara nyingi ndio unaouma, na kufundishwa kubadilisha mguu kila baada ya muda ni nusu ya tiba.

Tazama viatu. Viweke mezani, tazama kutoka nyuma: kisigino kilicholiwa upande mmoja kinaonyesha mguu unakoangukia. Kandambili hulazimisha vidole kushika kila hatua. Ukinunua kiatu cha mtumba, bonyeza nyuma ya kisigino kwa kidole gumba; kikibonyea kama kitambaa, kiache. Kisha kikunje: kinatakiwa kukunjika penye vidole, si katikati.

Halafu uliza dawa, na uliza kwa subira, maana hili husahauliwa mno. Siprofloksasini, ile inayoitwa sipro na kununuliwa haraka haraka kila anayehisi ana tifoidi, inaweza kudhuru kano, hasa ya kisigino, hata kuikata. Levofloksasini ni ya ukoo huo huo. Madhara yanaweza kuanza siku chache baada ya kidonge cha kwanza, au miezi baada ya kumaliza. Hatari huongezeka kwa mwenye zaidi ya miaka 60, mwenye figo mbovu, na anayemeza pia deksamethasoni au prednisoloni. Kwa hiyo chunguza vile vidonge vya mgongo vinavyouzwa vimefungwa kwenye kikaratasi bila jina, maana huenda vina dawa hizo mbili: uliza ni nini, na usipojibiwa usivimeze. Kano ikianza kuuma ukiwa unatumia sipro, acha kuikaza, usifanye mazoezi yaliyo hapa chini, na rudi siku hiyo kwa aliyekuandikia ili abadilishe dawa. Anayetibiwa kifua kikuu sugu asiache dawa mwenyewe. Aende kituoni kwake aeleze.

Hatua ya nne: siku saba za kwanza

Punguza, usisimamishe. Kipimo ni maumivu kuanzia 0 hadi 10. Yakifika 3 hadi 4 wakati wa kutembea na kesho asubuhi mguu ukawa kama jana, endelea. Yakipita 5, au asubuhi mguu ukawa mgumu kuliko jana, ulizidisha: kata mzigo kwa nusu.

Kwa kano ya kisigino, inua kisigino kwa sentimita 1 hadi 1.5. Kata kipande kwenye soli ya kandambili kuukuu, chenye umbo la kisigino, kichonge mbele kiwe chembamba kama kabari, kiweke ndani ya kiatu. Weka katika viatu vyote viwili. Ukiweka kimoja unapinda nyonga na mgongo. Baada ya wiki 4 hadi 6 kipunguze taratibu.

Barafu ni ya kutuliza maumivu tu. Ifunge kwenye kitambaa, dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku, siku mbili tatu. Maji ya uvuguvugu yanafaa asubuhi mguu ukiwa mgumu.

Dawa: paraseta (parasetamoli), gramu 1, isizidi mara 4 kwa siku kwa mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi. Au ibuprofeni miligramu 400 mara 3 kwa siku, baada ya kula, siku 5 hadi 7, kisha acha. Asitumie ibuprofeni mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na dawa hizo, wala mama mjamzito. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki. Ni ndugu, na tumbo ndilo linaloumia. Jeli ya diklofenaki ya kupaka inafaa kwa kano zilizo karibu na ngozi. Na usitumie kidonge ili uende kazini bila kuhisi maumivu: umezima kengele pekee uliyo nayo.

Kuhusu kukandwa: kanda nyama ya shavu la mguu, sio kano. Kidole kigumu kinachosugua kano iliyovimba, au kuibana ilipo juu ya mfupa, huiongezea uchungu wa wiki nzima. Kuchanja kwa wembe hakufiki kwenye tatizo, na kunaingiza wadudu.

Hatua ya tano: mzigo kwa kipimo

Hapa ndipo kano inapopona, na hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Anza na kusimama bila kusogea. Shika ukuta, inua visigino vyote viwili nusu, hamishia uzito kwenye mguu unaouma mpaka maumivu yafike 3, tulia sekunde 30 hadi 45. Pumzika dakika moja au mbili. Mara 5, asubuhi na jioni, kwa wiki moja au mbili. Wengine hupata nafuu dakika hizo hizo.

Kisha mazoezi ya kushuka. Håkan Alfredson na wenzake wa Uswidi waliyachapisha mwaka 1998, na bado yanafanya kazi. Simama ukingoni mwa ngazi, ukiwa na viatu, kwa mbele ya nyayo tu. Chagua ngazi yenye ukingo laini. Jiwe la volkano lisilosawazishwa litakupindua mguu. Panda kwa miguu yote miwili. Ondoa mguu mzima. Shuka kwa mguu mgonjwa peke yake, polepole, ukihesabu mpaka 3, mpaka kisigino kiwe chini ya ngazi. Panda tena kwa miguu miwili. Mara 15, raundi 3, goti limenyooka. Kisha mara 15, raundi 3, goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Ni mara 180 kwa siku.

Kama maumivu yako kwenye mfupa wenyewe, pale kano inaposhika kisigino, usishuke chini ya ngazi. Fanya yale yale sakafuni. Kisigino kinaposhuka chini sana kano inabanwa dhidi ya mfupa, na hili ndilo kosa linalowafanya wengi waseme mazoezi yamewazidishia.

Siku zoezi litakapokuwa halina maumivu, ongeza uzito. Weka bidoni ya lita 5 yenye maji kwenye begi la mgongoni: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kilo 5. Baada ya wiki, ongeza nyingine. Usipime mchanga kwa lita. Lita moja ya mchanga inazidi kilo moja na nusu. Asiyepata nafasi kila siku anaweza kufanya mara 3 kwa wiki, kwa uzito mkubwa zaidi, sekunde 3 kupanda na 3 kushuka, raundi 4, akianza na mara 15 na kushuka pole pole hadi mara 6 kadiri mzigo unavyoongezeka. Majaribio ya kulinganisha yameonyesha matokeo yanayokaribiana.

Wiki mbili za mwanzo kano huweza kuuma kidogo zaidi. Ni kawaida, mradi isipite 5 na itulie kufikia asubuhi. Wanaoacha huacha wiki ya tatu, na wengine wiki ya sita wakishajisikia vizuri, kisha wanarudi baada ya mwezi.

Kwa kano nyingine

Tafuta mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukate kipande cha mita moja, ufunge mguuni pa meza, na ncha nyingine kwenye wayo. Kwa kano ya ndani, kaa, vuta wayo kuelekea ndani na chini, mara 15, raundi 3 kila siku. Kisha simama, bana chungwa kati ya visigino, inua visigino bila kuliangusha. Weka pia kitu cha kubeba tao ndani ya kiatu tangu siku ya kwanza. Tao lililoanza kuanguka lisisubiri miezi, kwa sababu mguu unaweza kukakamaa ukiwa hivyo. Kwa kano za nje, vuta kuelekea nje, halafu simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta sekunde 30, mara 5. Ya mbele: legeza kamba, punguza miteremko, vuta wayo kuelekea kwako.

Lini uende hospitali

Ukifuata kwa uaminifu wiki 12 bila mabadiliko, au nguvu zikipungua badala ya kuongezeka, nenda. Omba ekografi (ultrasaundi): inaonyesha kano yenyewe, wakati radio inaonyesha mifupa tu. Visigino vyote viwili vikiuma, ukakamavu wa asubuhi ukizidi nusu saa, mgongo ukiuma usiku au macho yakiwa mekundu mara kwa mara, mwambie daktari yote hayo kwa pamoja, maana huenda ni ugonjwa wa viungo. Muulize pia mtaalamu wa kine (tiba ya mazoezi) asahihishe mazoezi yako. Hospitali kubwa za mji huwa naye. Ukipewa pendekezo la sindano ya kotikosteroidi (dawa za ukoo wa deksamethasoni) ndani ya kano ya kisigino, kataa kwa heshima na uombe maelezo: maumivu hutulia kwa wiki kadhaa, lakini kano huweza kukatika.

Kurudi kwenye chukudu au mpira

Usirudi mpaka uinue kisigino cha mguu mgonjwa mara nyingi zinazokaribia za mguu mzima, na uruke mahali pamoja kwa miguu miwili mara 10, raundi 3, bila maumivu kupita 3. Wiki ya kwanza sukuma nusu ya mzigo wa kawaida, siku moja ndiyo, siku moja hapana, ukibadilisha mguu. Wiki ya pili, robo tatu. Wiki ya tatu, mzigo wote, bado siku moja ndiyo na moja hapana. Asubuhi ya kila siku ya kupumzika, kabla ya kuvaa kiatu, bana kano kati ya vidole viwili: ikiwa inauma kuliko juzi, rudi wiki moja nyuma. Na mazoezi ya ngazi uyaendeleze, mara 3 kwa wiki, miezi mingine mitatu.